Mwaka Nilipokuwa Mkono wa Kushoto wa Mzee Tadeusz

Mzee Tadeusz alifariki Jumanne moja ya mwezi uliopita, na habari ilinifikia nikiwa stesheni ya St Marys, mdomo umejaa mkate wa nyama. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaitoa, nikaona ujumbe wa binti yake kutoka Perth. Baba amefariki leo asubuhi, nimeona ujue. Basi. Hakuna salamu, hakuna habari za kwako, hakuna keti kwanza. Manispaa ikitutangazia siku ya kuchukua takataka huwa inaweka maua zaidi ya hayo. Nilimeza ule mkate ukashuka kooni kama kiatu, na treni yangu ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka bila mimi.

Kwetu habari ya namna hiyo haitupwi mtu akiwa amesimama. Nikisema kwetu nina maana ya sisi wote wa kule kwenye Maziwa Makuu tuliotapakaa Sydney hii ya magharibi, Warundi, Wakongo na kila aliyejichanganya nasi makambini. Mtu akifiwa, simu haiji kwake. Inapigwa kwa anayeishi naye, au kwa mchungaji, au kwa jirani mwenye kifua. Huyo anakuja, anakaa, anazungumzia baridi na bei ya nyama. Mwingine yuko jikoni anapasha chakula. Kisha sahani inawekwa mbele yako, nawe unaambiwa maneno mawili tu: kula kwanza. Wanajua ukishasikia hutakula tena kwa siku nyingi. Na wewe huulizi. Unajua, kila mtu chumbani anajua, lakini huulizi, unakula. Nimeona kwa macho yangu jitu zima, mpakia makontena mwenye shingo kama ya nyati, linatafuna ugali huku machozi yakiongeza mchuzi, na bado hakuna aliyelitamkia neno. Mzee Tadeusz aliyajua haya yote, tena kwa kirefu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Ilikuwa ule mwaka wa pili wa korona, mwaka ambao Sydney ya matajiri ilifungiwa ikatazame bahari, na sisi wa magharibi tukafungiwa tutazamane. Helikopta zilizunguka juu ya Minto, mtaa wetu, utafikiri kila mmoja wetu ameficha kifaru chini ya kitanda. Mimi nilikuwa bado kijana, kwa hesabu ya kwetu ambapo mtu ni kijana mpaka aoe, na nilikuwa msomi. Usicheke. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, cheti cha kuhudumia wazee nimekitundika ukutani juu ya runinga, na siku ya kukipokea nilipiga picha nyingi kuliko bibi harusi. Mchana nilikuwa nimeosha magari, jioni nimesoma, na ndani ya basi nimelala nikiwa nimesimama, kipaji ambacho sijaona mwingine anacho. Kwa hiyo wengine walipoambiwa wakae ndani, mimi kampuni ilinipa kibali, barakoa na anwani ya mzee mmoja wa Kipolandi huko Toongabbie aliyekuwa ameshawakimbiza wahudumu wote waliotangulia. Mmoja wao, nilisikia, alirudi kwao Nepali moja kwa moja. Sina ushahidi, lakini baada ya wiki ya kwanza niliamini.

Nyumba yake ilikuwa ghorofani, karibu na reli kiasi kwamba treni ya Penrith ikipita vikombe viligongana kabatini. Sebule ilinuka vitunguu, dawa ya kuchua na vumbi la karatasi. Nusu yake ilikuwa piano nyeusi, nusu iliyobaki ilikuwa kiti cha mzee, hita, na mabango ya filamu za zamani yenye maandishi ya Kipolandi ambayo yalijaa herufi z kama nyuki. Muziki wa filamu zote zile aliutunga yeye. Juu ya rafu ya vitabu ilikaa kamera ndogo nyeupe yenye spika, na ndani ya kamera hiyo aliishi binti yake Danuta. Mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa, hakuweza kutoka Perth, basi alikaa mle rafuni siku nzima akituona. Ghafla sauti ingetoka juu, baba, hita iko karibu na pazia, au kwangu, Deo, baba hajanywa dawa ya mchana, na mzee angeinua mkono wake mzima na kuipungia kamera kama mtu anayefukuza nzi.

Mkono mzima ulikuwa mmoja tu. Kiharusi kilikuwa kimempitia mwaka uliotangulia kikachukua upande wa kushoto, na ule mkono ulilala mapajani kama kitu alichoombwa na mtu amshikie. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi nywele akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia naitwa Deo, nimetumwa na kampuni, tena mimi ni mpiga kinanda. Hilo la mwisho lilinitoka tu, nilikuwa nimeiona ile piano.

"Wa wapi?"

"Wa kanisani."

"Mungu ana uvumilivu," akasema. "Piga."

Nikapiga. Niliweka moyo wote, na pambio lenyewe ndilo lililokuwa likiwasimamisha hata wagonjwa. Akaniacha nifike kiitikio, akasema amewahi kusikia watu wakihamisha kabati kwa hisia zaidi ya hizo. Kisha akauliza ni nani aliyenifundisha, ili amlaani kwa jina. Nikamweleza hakuna aliyenifundisha, kwetu kanisani mpiga kinanda hufundishwa na waimbaji. Mama Furaha, mathalani, akishukiwa na Roho, anainuka tu kwenye kiti na kuanzisha wimbo popote sauti yake ilipoangukia, mahali ambapo pengine hapapo hata kwenye piano, na kazi yangu ni kumwinda. Mzee akageuza kichwa. Hujui ataanzia wapi? Nikamwambia hata mwenyewe hajui. Nawe unafanyaje? Namfuata mpaka nimkamate. Akasema kesho nije mapema, nimwogeshe haraka, kuna kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Huko Warszawa, mji mkuu wa Poland, kulikuwa na msichana mwongozaji, filamu yake ya kwanza, ambaye alikuwa amemtafuta mzee huyu aliyesahauliwa na kumwomba amtungie muziki. Mzee alikuwa ameshatuma vipande vyote kabla ya kiharusi isipokuwa kimoja, kile cha mwisho, na kwa kipande hicho alihitaji mkono wa kushoto. Wapiga piano wa kweli walikuwa wamefungiwa makwao ng'ambo ya jiji, na sheria haikuwaruhusu kumkanyagia mlango. Sheria iliniruhusu mimi. Hivyo ndivyo mhudumu kutoka Minto, mwenye cheti cha jioni, alivyogeuka kuwa nusu ya mtunzi mkubwa wa Ulaya. Nyumbani nilimwambia Byamungu, Mkongo wa Uvira niliyekuwa nikiishi naye, kwamba sasa niko kwenye sinema. Alikuwa ametoka shifti ya ghalani, hajavua hata buti. "Sinema gani, wewe Deo? Weye uko unaosha muzungu." Nikamwambia vyote viwili.

Asubuhi ziliendeshwa namna moja. Namwogesha, namvisha, nampasha mkate, namkokota hadi kwenye piano na kuketi kushotoni kwake, bega kwa bega, kinyume cha kila kanuni ya kampuni. Yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Mbele yetu tableti inaonyesha kipande cha filamu bila sauti. Mwanamke anapanda ngazi za jengo na kikapu cha mboga. Majirani wamesimama vibarazani, na kila anapopita wanaacha kuzungumza. Mlango wake uko wazi, na haukupaswa kuwa wazi. Mmoja anamsogezea kiti. Anaketi. Hakuna aliyesema kitu bado, na filamu inaishia hapo, usoni pake. Mzee aliniambia hakuwahi maishani kusoma hadithi ya filamu wala kumruhusu mwongozaji amweleze. Alitazama watu wanavyopumua, basi. Nilipokosea alinigonga vifundo kwa mwiko wa mbao. Nilikosea mara nyingi kiasi kwamba jioni vidole vyangu vilikuwa vimevimba kama ndizi, na nikienda kushika mlango wa treni watu waliniachia nafasi.

Kila siku saa tano jiji zima liliacha kupumua. Wakubwa walisimama kwenye runinga kutangaza waliougua na waliokufa. Wengine walisikiliza, mzee alizima sauti. Alinilazimisha nitazame midomo. "Ona," alisema, "kabla hajafungua kinywa. Pale. Anajua, wewe hujui. Muziki unakaa pale, si kwingine. Akishasema, mwache mwenye tarumbeta aende kunywa bia." Kisha alirudia ile sehemu yetu, akaisikiliza, akasema mkono wangu wa kushoto unapiga kama mtu ambaye ameshaambiwa kila kitu, amekula, amelala, ameamka.

Wakati wa chakula alisimulia. Yeye alikula mezani, mimi kizingitini mwa kibaraza na wali wangu wa maharage kwenye kopo, maana kampuni ilikataza mhudumu kuvua barakoa karibu na mteja. Sheria hiyo tuliitii kwa chakula tu. Alisimulia vyumba vya chini ya ardhi vya ujanani mwake, walikopiga jazi huku mmoja wao amesimama mlangoni kusikiliza buti za polisi. Alisimulia jinsi alivyokuja Australia na bendi kwa safari fupi, vifaru vikatoka mabarabarani kwao, akabaki, na mtu aliyekuwa ametungia nusu ya masinema ya Poland akaishia kutunga miziki ya matangazo ya dawa ya kupe wa ng'ombe. Akaniambia pia siri ya kazi. Siku moja studioni mpiga tarumbeta wake alikuwa hodari mno, safi mno, na mzee alihitaji sauti iliyopasuka. Akamwita pembeni kabla ya kurekodi, akamwambia mkewe ameondoka na mpiga besi. Mtu akapiga, watu wa mitambo wakalia.

"Na kweli alikuwa ameondoka?" nikauliza.

"Baadaye, ndiyo."

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Niseme ukweli, kwa wiki nzima nilikuwa nikiisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwenye simu.

Ni katika mlo mmoja kama huo nilipomweleza mambo ya kwetu. Usiku uliopita mchungaji alikuwa amenipigia mimi badala ya Byamungu, kwamba babake Byamungu amefariki Uvira. Nilimsubiri atoke kazini, nikapasha dagaa, nikamwekea. Alitazama sahani, akanitazama, akakaa. Mzee aliacha kijiko hewani. Aliuliza kama polisi. Alikula kiasi gani? Karibu yote. Alikutazama usoni au kwenye sahani? Sahani. Na hakuuliza? Hakuuliza. Kwa nini? Nikamwambia ukiuliza ni kama wewe ndiye umemuua. Maadamu hakuna aliyesema, mtu wako bado yuko, unakula naye. Akataka kujua maneno yenyewe yanasemwaje kwa Kiswahili. Nikamtamkia, naye akayarudia na kuyarudia na ile lafudhi yake nzito, mpaka yakakaa. Kula kwanza. Niliona fahari. Nilijiona balozi.

Majira ya baridi yakazidi, na mambo mawili yakaja pamoja. La kwanza, Danuta alitangaza kutoka rafuni kwamba nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee, gari litamchukua baba Ijumaa, na piano imeshapata mwenyewe. Mzee aliuliza kama kule kuna piano. Akajibiwa kuna kinanda cha umeme cha burudani, chenye vitufe vya ngoma. Akasema basi wamchome sindano moja kwa moja. "Usianze, baba," ilisema spika, na ile sauti haikuwa na hasira wala huruma, kama mtu anayesoma maelekezo ya kupika mchele. La pili lilikuwa langu. Mama yangu, aliyekuwa Kigoma na dada yangu Nema, alikuwa anakohoa. Mwanzo ilikuwa mafua, kisha si mafua, kisha Nema akasema wanatafuta mtungi wa oksijeni, kisha simu ya Nema ikawa haipatikani. Nilimwambia mzee, maana bega kwa bega na mtu kila siku utamwambia nini kingine. Hakusema pole. Alisema tuanze tena kuanzia ngazi.

Hatukuipata. Jumatatu hatukuipata, Jumanne hatukuipata. Mkono wake wa kulia ulikuwa unajua, mimi nilikuwa namfuata kama ninavyomfuata Mama Furaha, nikimkamata kila mahali isipokuwa pale mwishoni, kwenye kiti. Pale nilijaza. Ndiyo kazi yetu kanisani, mwimbaji akinyamaza kinanda kinamshika asianguke. "Usimshike," alinifokea. "Mwache." Nilijaribu kumwacha, nikamwacha kama mtu anayetua gunia. Mwiko ulivunjika siku hiyo. Akaomba mwingine.

Jumatano niliondoka Minto Byamungu amelala, sikumwona. Nilifungua mlango wa Toongabbie nikamkuta mzee ameshaketi sebuleni, amevaa shati, mtu ambaye siku zote nilimkuta kitandani akitukana. Sijui alitokaje kitandani wala alijivisha vipi kwa mkono mmoja. Mapajani, juu ya ule mkono uliolala, ilikuwa imelala simu ya mezani ya nyumba, na mkono wake wa kulia umeifunika. Hakunitania. Hakusema nimechelewa. Aliniambia niwashe jiko nipashe supu ya bitiruti, bakuli mbili. Sijawahi kupasha bakuli mbili ndani ya nyumba ile. Nikazipasha. Nakumbuka ule wekundu ukianza kutikisika kwenye sufuria, na nakumbuka kuwa nilianza kusikia masikio yangu yenyewe. Nikaleta bakuli mezani. Akanionyesha kiti kilicho mkabala naye, akanionyesha nivue barakoa.

"Deo," alisema. Kisha kwa Kiswahili, taratibu, "Kula kwanza."

Nikala. Ewe msomaji, mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, wanaonijua wanajua, lakini hapa siongezi hata punje. Nilikula ile supu kijiko kwa kijiko nikitazama bakuli. Sikuuliza. Nilimfikiria Nema amempigia mchungaji, mchungaji amempigia Byamungu, Byamungu ameona hawezi tena baada ya babake, ametafuta namba ya nyumba ya mzee. Kila kitu kiliingia mahali pake. Nilipomaliza alisema tutafanya kazi, halafu tutazungumza. Nikamkokota hadi kwenye piano. Nikaegemeza simu yangu kwenye vitabu kama kila siku, nimezima mtandao ili isilie katikati, nikabonyeza kurekodi. Ningeweza kuuwasha ule mtandao. Kidole kilikuwa juu yake. Lakini kuuwasha ni kuuliza.

Mwanamke akaanza kupanda ngazi. Kitu kilichofuata sikijui vizuri hata leo, ingawa nimekisikiliza mara zisizohesabika. Nilichojua ni kwamba maadamu napiga, haijasemwa. Kwa hiyo sikutaka tufike. Mkono wangu wa kushoto ukawa mzito na wa polepole, ukichungulia kila ngazi kabla ya kuikanyaga, na mkono wake wa kulia, ule uliokuwa ukiniburuta majuma yote yale, ukaanza kunifuata mimi. Tukafika kwenye kiti. Sikujaza. Nilikuwa sina cha kujazia. Nilishika sauti moja ya chini na kuiacha ife yenyewe, na ilipokaribia kufa nikaigusa tena, kidogo, ili isife. Filamu ilikuwa imeshakwisha, tableti imekuwa nyeusi, na mimi bado naigusa. Treni ikapita. Mwishowe yeye ndiye aliyeinua mkono akauweka juu ya wangu, na piano ikanyamaza.

"Nani?" nikasema.

"Nani nini?"

"Nani alipiga simu?"

"Hakuna aliyepiga," akasema. "Nilikuwa nimeishika tu."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka niko kibarazani, nimewasha mtandao, namba ya Nema inaita, inaita, kisha ikapokelewa, na si Nema aliyepokea. Mama yangu aliuliza kwa sauti iliyochujuka, yenye kikohozi ndani yake, kwa nini nampigia usiku wa manane, tena wakati wangu wa kazi, au nimefukuzwa. Simu ilikuwa imekatika chaji tu, umeme ulikuwa hakuna. Nikalia. Akasema, "Deo, baba, unalia nini, mimi nimeshalia vya kutosha na sindano za hawa." Nikamwambia ni baridi. Akaniambia nivae soksi. Alipokata nilikaa chini kwenye saruji ya kibaraza nikatapika supu nyekundu yote, na jirani wa ghorofa ya chini akapiga kelele akidhani ni damu.

Niliporudi ndani mzee alikuwa palepale kwenye piano. Kwa kuwa nguvu za kuinuka bila mimi alikuwa amezimaliza asubuhi, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akaniambia niitume Warszawa ili wa kule waikute wakiamka. Nilimuuliza kama anajua amenifanyia nini. Alijibu hakusema neno la uongo hata moja, alinipa supu, na supu ilikuwa nzuri. Hapo sauti ikatoka rafuni. Nilikuwa nimemsahau kabisa Danuta.

"Ifute, Deo," alisema.

Alikuwa ametuona tangu mwanzo. Hakuelewa maneno yale mawili, lakini alimwelewa baba yake. Aliniambia, kwa ile sauti yake ya maelekezo ya mchele, kwamba kwenye filamu iliyo kwenye bango la karibu na mlango kuna mtoto anayelia, analia kwa muda mrefu nyuma ya muziki, na watu waliandika magazetini jinsi kilio kile kilivyo cha ajabu. Mtoto yule alikuwa yeye. Baba yake alimpeleka studio, akamweka mbele ya kipaza sauti, akamwambia mbwa wake amekanyagwa na gari. Waliporudi nyumbani mbwa aliwapokea mlangoni, naye alimwogopa mbwa yule mpaka alipokufa kweli. Ifute, alisema tena. "Mimi kilio changu sikupata nafasi ya kukifuta."

"Mbwa alikuwa mzee," alisema Tadeusz, bila kugeuka. "Angekufa tu."

Nilichukua simu. Nilikuwa na alama ya kufutia upande mmoja na ya kutumia upande mwingine, na kusema kweli kidole kilikwenda kwenye kufuta kwa furaha. Mtu huyu alikuwa hana kingine duniani. Ijumaa walikuwa wanamchukua, piano inakwenda, mkono umekufa, filamu inamsubiri. Ningeweza kummaliza kwa kugusa kioo, kisha nikamwekea dawa zake za mchana. Ila nikasema kwanza niisikilize. Hilo ndilo kosa, kama ni kosa. Nikaisikiliza nimesimama katikati ya sebule, na wao wawili wakaisikiliza pia, mmoja mbele ya piano na mwingine ng'ambo ya bara zima. Na ilikuwa nzuri. Mimi niliyehamisha makabati maisha yangu yote, mimi wa kinanda cha kanisani na vitufe vyake vya ngoma, kwa muda ule mfupi nilikuwa nimepiga kitu ambacho mtu angeweza kukisikia Warszawa akajua habari ya mama wa mtu fulani iko mlangoni, haijaingia. Sijawahi kupiga hivyo kabla wala baadaye. Nilijua hapohapo kwamba sitapiga hivyo tena. Nikaituma.

Kisha Danuta akasema, "Basi wewe ni mtoto wake kuliko mimi," na kile kitaa cha kijani cha kamera juu ya rafu kikazimika. Hakukiwasha tena. Ijumaa alizungumza na watu wa gari kwa simu yao, si na mimi.

Nilikuwa na saa zilizobaki za shifti, na shifti ni shifti. Nikamrudisha mzee kwenye kiti chake, nikamwekea bakuli lake la supu ambalo hakuwa ameligusa, nikamlisha, kwa sababu mkono wa kulia nao sasa ulikuwa umechoka. Alikula vizuri, wekundu ukimchirizika kidevuni. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nacho tangu kibarazani, angefanya nini kama simu ingelia kweli asubuhi ile, kama mama angekuwa amekufa. Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama anavyofikiri kuhusu sauti.

"Nisingekwambia mpaka tumalize," alisema. "Aliyeambiwa hapigi kitu. Ungenifaa nini?"

Nikachukua kitambaa nikamfuta kidevu. Nilimfuta kwa nguvu, zaidi ya supu ilivyohitaji, mpaka ngozi ikawa nyekundu yenyewe. Alikuwa amefumba macho, kichwa ameinamisha upande wangu kidogo, anasikiliza ninavyopumua.